Crown, Probox au Rush? Jibu kwa dada wa Mwanga

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu ni afisa mikopo. Siku tatu kwa wiki nafuata vikundi vya akina mama upande wa Kalinzi na Manyovu, na mara nyingine naingia vijiji vya Buhigwe. Mpaka sasa natumia magari ya abiria, nikishuka napanda bodaboda. Jumamosi nampeleka mama yangu hospitali, anakaa Ujiji na magoti yanamsumbua. Nina biashara ndogo ya mawese na dagaa, madumu manne matano kwa safari. Nimeweka milioni 23. Moyo wangu uko kwenye Crown. Wenzangu ofisini wanasema afisa hawezi kushuka kwenye Probox, mume wangu naye anasema Probox ndiyo gari. Nishauri gari litakalonifaa na lisinishushie hadhi.

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako limenifurahisha kwa sababu hukuficha habari ya hadhi. Watu wengi wakija gereji wananiambia wanatafuta "gari la kazi tu", kisha nikiwapeleka kwenye gari la kazi wanalizunguka mara mbili, wanapiga teke tairi, wanaaga. Ukweli ni kwamba gari linaonekana kabla ya mwenyewe, na afisa mikopo anaishi kwa kuaminika. Kwa hiyo hadhi tutaiweka mezani na kuihesabu, kama tunavyohesabu mafuta.

Tuanze na wiki yako. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60, yote lami. Ukiongeza kutoka Mwanga hadi Mwandiga na vichochoro vya kuwafikia wateja, safari moja kwenda na kurudi ni kilomita 130 hivi. Mara tatu kwa wiki, jumlisha shule ya watoto, Ujiji kwa mama na mizunguko ya mjini, unakaribia kilomita 500 kwa wiki, yaani 2,000 kwa mwezi. Huo ni mwendo mkubwa kwa gari la mtu binafsi. Wengi hapa mjini hawafikishi hata nusu yake.

Lami ya Manyovu isikudanganye. Zile kilomita 60 kila gari linazimudu, hata Vitz. Lakini akina mama wako hawakutani kando ya lami. Wanakutana juu huko, chini ya mwembe, nyuma ya shule, baada ya kupanda kilima chenye mfereji katikati. Mita 500 za mwisho ndizo zitakazokuchagulia gari. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Unaweza kuliona gari linateremka lenyewe kwa ubavu huku dereva amekanyaga breki.

Sasa Crown. Siisemi vibaya, ni gari zuri sana. Viti vyake ni vya waziri, barabarani imetulia, na ukiingia nayo harusini watu wanasogea. Lakini tazama chini. Uvungu wake haufiki sentimita 16. Inasukumwa na matairi ya nyuma, na buti likiwa tupu nyuma panakuwa pepesi. Kwenye kilima cha utelezi matairi yatazunguka, na gari halitasogea. Halafu ipo injini. Crown nyingi tulizonazo za toleo la 2003 hadi 2008 zina injini ya V6 ya 2,499 cc inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mafundi tunaziita zote "D4", haidhuru maandishi ya kwenye kifuniko. Injini ya namna hiyo inadai petroli safi. Ukiishiwa mafuta huko ndani ukauziwa ya kwenye chupa za soda, nozeli, zile zinazopuliza petroli, zitakuja kukudai. Kingine, kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, valvu hizo hazioshwi, zinajijengea masizi mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Kuyasafisha kunawezekana, ila si kazi ya saa moja wala si ya kila fundi.

Mafuta nakupa makadirio yangu, kutokana na magari ninayoyashika kila siku, siyo yale ya kwenye matangazo. Kwa mchanganyiko wa milima na mji kama wako, Crown itakupa kilomita 8 kwa lita, Probox 14, na Toyota Rush, ambayo nitaieleza huko chini, 11. Tuseme lita moja ni shilingi 3,200, kwa sababu bei inapangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi na huku kwetu huwa juu ya ile ya Dar es Salaam, gharama ya kusafirisha imo ndani. Kwa kilomita 2,000, Crown itakunywea shilingi 800,000 kwa mwezi, Rush kama 580,000, Probox kama 460,000. Tofauti ya Crown na Rush kwa mwaka ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Hiyo ni ada ya mtoto, dada.

Yananihusu haya, usidhani nahubiri tu. Miaka hiyo barabara ya Kasulu ikiwa bado vumbi, nilinunua Mark II nyeupe, imelala chini, rimu za inchi 17. Nilikuwa fundi kijana na nilitaka mji ujue kwamba fundi naye ana gari. Masika ya kwanza tukaitwa msibani Heru Juu. Nikavaa suti. Kabla hatujafika jiwe likapasua sampu, oili yote ikamwagika, na mimi fundi nikasimama kando ya barabara bila hata kipande cha sabuni cha kuzibia tundu. Msibani nilishuka kutoka juu ya Fuso la ndizi, suti ikiwa na utomvu. Mpaka leo wapo ndugu wa upande wa mke wangu wanaoniita "Shemeji Fuso". Mark II ile niliiuza kwa hasara kabla mwaka haujaisha.

Harrier, ile wanayoiita tako la nyani, uvungu wake una nafuu. Lakini yenye injini ya 2.4 nyingi zimefika umri wa kula oili, na usipopima kila wiki utashtukia injini imekauka. Subaru Forester inapanda vizuri kuliko zote nilizozitaja. Tatizo lake sisi wa mwisho wa reli tunalijua: spea zinatufikia mwisho. Ukikosa kitu cha Toyota kinatoka Kariakoo jioni na basi, unakipokea stendi ya Masanga. Cha Subaru unaweza kusubiri mpaka usahau uliagiza nini. Mwenye gari la pili nyumbani anaweza kungoja. Wewe una vikundi vinavyokusubiri.

Nirudi kwa mume wako, kwa sababu hesabu yake ni sahihi na sitaki ashindwe hivi hivi. Probox ilitengenezwa kuwa gari la kazi tangu mwaka 2002. Injini yake ya 1NZ, ile ya 1,496 cc, ndiyo iliyomo kwenye IST nyingi, kwa hiyo spea zake ziko mpaka maduka ya Kasulu, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua amefumba macho. Sehemu ya mizigo ni bapa, madumu yako matano yanasimama wima bila kugombana. Kama ungekuwa mfanyabiashara wa mawese pekee, ningekuambia chukua Probox leo na barua hii ingeishia hapa.

Lakini Kigoma Probox ni mchomoko, gari dogo la kubeba abiria. Ukisimama pale njia panda ya Mwandiga kununua ndizi, kabla hujashusha kioo mtu ameshafungua mlango wa nyuma, ameweka kuku wake chini, anakuuliza Manyovu shilingi ngapi. Nilidhani ni mzaha mpaka mteja wangu mmoja, mwalimu, akaniambia ilimtokea mara tatu kwa siku moja. Askari nao wana haki ya kukusimamisha wakidhani umebeba abiria bila leseni ya biashara hiyo, na utachelewa ukieleza kwamba yule mama nyuma ni mama yako mzazi. Isitoshe, kiti cha nyuma cha Probox kina mgongo ulionyooka kama benchi la kanisani, na miguu haina pa kwenda. Magoti ya mama yako hayatakushukuru.

Kuhusu hadhi mbele ya wateja, wenzako ofisini wamekosea kitu kimoja. Wanafikiria maegesho ya ofisini. Wewe fikiria mwembe. Akina mama wa kikundi wanakulipa marejesho ya shilingi elfu kumi kumi, noti zimekunjwa kwenye kanga. Ukishuka kwenye Crown inayong'aa, hakuna atakayesema lolote mbele yako, lakini ukiondoka watasema "riba zetu ndizo hizo". Ukija na gari la tabu linalosukumwa na vijana, watasema ofisi yako inakufa na marejesho yatalegea. Gari lako linatakiwa liwe katikati: safi, zima, limeinuka kidogo, limefika kwa wakati wakati mvua imenyesha. Afisa anayefika siku ya mvua anaheshimika vijijini kuliko mwenye gari jeupe aliyepiga simu kuahirisha. Nenda Kalinzi ukaulize maafisa ugani.

Kwa hayo yote, gari lako ni Toyota Rush. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2006, injini yake ni ya 1,495 cc, na uvungu wake ni sentimita 20. Pima kwa mkono: shubiri yako inaingia chini yake karibu yote, kwenye Crown utakwangua vidole. Mlango wake uko kwenye kimo cha nyonga, kwa hiyo mama yako anakaa kwanza kisha anageuza miguu, hainami kama anayeingia shimoni wala hapandi kama anayepanda Land Cruiser mkonga. Kwa sura ni gari linaloheshimika. Mbele ya ofisi watakusalimia, chini ya mwembe hawatakuhesabia.

Ila sikiliza hapa, maana wengi wanaponzwa. Kuna Rush mbili zinazofanana kama pacha. Moja inasukumwa na matairi ya nyuma tu, nyingine ni fowili ya muda wote, yaani inasukumwa na matairi yote manne, na ina swichi ya kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, unapokwama kwenye tope. Dalali atakuambia "hizi zote fowili, dada". Usibishane naye, soma namba ya chesesi. Ikianza na J200E ni ya matairi mawili. J210E ndiyo fowili. Kwa vilima vya Buhigwe unataka J210E, na matairi yote manne yawe saizi moja na yamechakaa sawasawa, la sivyo difu ya kati inachoka bure.

Kasoro zake nazo uzijue kabla hujalipa. Ni fupi na imeinuka, kwa hiyo kwenye mashimo inarukaruka, na kona za Manyovu zinataka mguu mwepesi kuliko ungekuwa na Crown. Injini yake asili yake ni Daihatsu, ina cheni badala ya mkanda, ambalo ni jambo jema, lakini spea zake haziko kila duka kama za IST. Kwa hiyo plagi, filta na vilinki vya stabilaiza nunua seti mbili mbili. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu, na kama una tairi la akiba mgongoni bawaba zake zinalegea na kugonga kwenye rasta, zikazwe mapema. Buti si kubwa. Madumu matano yataingia ukilaza nusu ya kiti cha nyuma, basi siku ya mzigo watoto wabaki nyumbani.

Milioni 23 usizimalize kwenye gari. Gari lenyewe liishie milioni 20 na tatu zikae pembeni: matairi manne ya maana, oili zote kuanzia injini, gia boksi mpaka difu, bushi na shokapu za mbele, na bima kubwa kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu ndiyo kwanza unajifunza tabia ya gari na tabia ya barabara kwa pamoja.

Hilo linatupeleka kwenye kuagiza Japani au kununua lililokwisha kutembea hapa nchini. Kwa Rush, mimi nakushauri la hapa. Zilizo nyingi zimepita miaka 10 tangu zitengenezwe, na gari dogo la umri huo likiingia linabeba ushuru wa uchakavu wa 30%. Kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini iliyo kati ya 1,001 na 2,000 cc, na VAT 18% juu ya vyote hivyo. Usipige hesabu kwa bei uliyoiona ya muuzaji wa Yokohama, kwa sababu TRA wana thamani yao ya kila gari. Kikokotoo chao kiko mtandaoni, weka mwaka na modeli ujionee. Wapo walioagiza kwa furaha, gari likafika bandarini, likakaa huko wakikopa pesa za kulitoa.

Na ukinunua la hapa, usitishwe na herufi ya namba ya usajili. Najua mjini watu wanauliza "namba gani?" kabla ya kuuliza hali ya injini, na namba E inatembea kifua mbele kuliko namba C. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Rush ya 2007 inaweza kuwa na namba E, na ya 2010 ikawa na namba D. Hiyo ya D ikiwa imetunzwa na mtu mmoja, daktari au mtu wa mission, ni bora mara mbili, na bei itakuwa chini kwa sababu ya herufi tu. Kama ni lazima kulipia hadhi, lipia mahali pengine: rangi ya fedha ambayo vumbi letu jekundu haliionei kama nyeupe na nyeusi, na vifuniko vya viti vilivyoshonwa vizuri.

Neno kuhusu mawese na dagaa, na hili nalisema kama kaka. Hakuna kinachoshusha hadhi ya gari kama harufu. Mawese yakimwagika kwenye kapeti mara moja tu, doa la chungwa halitoki, na jua la saa saba likipiga kila anayeingia atajua ulibeba nini. Dagaa ndiyo usiseme. Nunua beseni pana la plastiki linalojaa buti zima, tandika turubai juu yake, madumu yasimame humo na mifuniko imefungwa na nailoni. Dagaa kama unaweza wapeleke kwa basi. Nimewahi kushika gari la mzee mmoja lililobeba dagaa miaka miwili. Niliendesha vioo vyote vikiwa chini, kwenye mvua.

Ukilipata gari, usikubali kulikagua saa nane mchana limeshazungushwa mji mzima. Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na asiliwashe. Gusa boneti, kama lina joto ondoka, kuna kitu anakificha. Fungua kifuniko cha oili; ukiona ute mweupe kama maziwa ya mgando, maji yameingia kwenye oili. Washa usikilize sekunde kumi za kwanza: cheni iliyolegea hupiga kelele kisha hunyamaza, na oili inayoliwa hutoka kama moshi wa bluu nyuma. Lala chini utazame chesesi, kwa sababu magari yaliyotoka kaskazini ya Japani yametembea juu ya chumvi wanayomwaga kwenye theluji, na juu linang'aa wakati chini limeliwa. Linganisha namba ya chesesi na kadi, uhakikishe halidaiwi faini za trafiki. Kisha liendeshe rivasi kupanda kilima, gia boksi iliyochoka hukiri hapo hapo. Bonyeza swichi ya difu ya kati, taa yake iwake.

Mengine niachie mimi. Nipo Gungu, na siku ya kukagua mje na mume wako. Aje na lile dumu la lita 20, tuone wote kama linaingia.